Dumu la Saa Ishirini na Nne

Kila asubuhi ya likizo ile, saa kumi na mbili na nusu, niliokolewa kutoka kwenye moto ambao haukuwepo.

Mwokozi wangu alikuwa dada yangu. Aliingia chumbani bila kubisha hodi, akanitoa kitandani, akanitupa begani kama gunia na kushuka nami ngazi za ghorofa nne mpaka chini, penye masanduku ya barua. Hapo alipumua mara tatu, akageuka, akapanda nami tena. Majirani walishazoea. Mzee wa ghorofa ya pili alikuwa akifungua mlango na kuuliza, "Leo kuna majeruhi wangapi?"

"Mmoja tu, mzee, shikamoo," dada alijibu bila kusimama. "Na huyo mmoja anatingishika sana."

"Mtu aliyezimia huwa hadai chai," nilisema nikiwa kichwa chini. "Mimi sijazimia, nina njaa."

"Dogo, jilegeze. Maiti haina maoni."

Alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa amechaguliwa kuingia chuo cha zimamoto. Waliomba mamia, wakachukuliwa wachache, na miongoni mwa wachache hao wasichana walikuwa watatu. Viatu vyake vya kazi, vyeusi na vizito, vilikaa juu ya kabati vikipigwa rangi kila Jumapili ingawa havijawahi kugusa udongo. Kilichobaki ni fomu moja ya afya. Daktari aitie sahihi, irudishwe chuoni kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, basi.

Mimi nilifaa kazi ya kubebwa kwa sababu za kimaumbile. Nilikuwa na miaka kumi na minne na kilo thelathini na moja. Shuleni, ambako nililala bweni, waliniita Mtungi, kwa kuwa nilikunywa maji kama ng'ombe aliyevuka jangwa, kisha nikaenda msalani mara nyingi kiasi kwamba mwalimu wa hesabu aliamini ninakimbia hesabu za sehemu. Alikuwa sahihi nusu ya safari hizo. Katika mbio miguu yangu ililegea kabla ya wengine kutoka jasho. Haya yote niliyahesabu kuwa ni tabia yangu, kama vile wengine wana sauti nzuri. Nikayachanganya na sifa zangu nyingine, kwa mfano usiku ule nilioshona mikono ya pajama za bweni zima, kazi iliyonipatia wiki mbili za kufyeka nyasi na heshima isiyopimika.

Sasa turudi kwenye fomu.

Siku ya kupimwa, dada alipanda ngazi za hospitali mbio kwa sababu nilikuwa nimemwambia saa imepita. Haikuwa imepita. Akakaa kwenye kiti akihema, muuguzi akamfunga mkanda mkononi, na presha ikatoka juu. Wakangoja, wakapima tena. Imeshuka kidogo, bado iko juu. Ndipo muuguzi akauliza swali la kawaida la fomu: katika familia kuna mtu aliyepata kiharusi?

Alikuwepo. Baba mdogo, mdogo wake Baba wa kumfuata, alianguka kazini akiwa na miaka thelathini na moja, hakuamka. Nyumbani kwetu picha yake ilitundikwa ukumbini, na kuhusu kifo chake kila mtu alikuwa na maelezo yake. Baba alisema ni hasira. Mama alisema ni chumvi. Hakuna aliyesema hajui.

Kwa sababu hiyo dada alipelekwa kwa daktari wa homoni, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na sauti ya chini kama ya mtu aliye maktaba. Tulikwenda sote watatu, dada, Baba na mimi. Daktari akachukua damu, kisha akaweka mezani dumu la plastiki la rangi ya kahawia, la lita tatu.

"Mwili ukimaliza kutumia homoni huzivunja," alisema, "na mabaki yake hutoka kwenye mkojo. Mtu akichungulia pipa lako la taka, anajua jikoni kwako kunapikwa nini. Nami nataka kuchungulia pipa lako. Kesho asubuhi, mkojo wa kwanza umwage. Baada ya hapo kila tone liingie humu, mpaka asubuhi ya keshokutwa. Saa ishirini na nne. Ukipoteza kidogo, usinifiche. Niambie, tutaanza upya."

"Kila tone?" Baba aliuliza. Yeye ni fundi bomba, na suala la kupotea kwa matone ni suala la taaluma yake.

"Kila tone, mzee."

Nataka ijulikane kwamba nilikuwepo aliposema hivyo, na masikio yangu yalikuwa mazima.

Dumu likawekwa bafuni, pembeni, kwenye beseni la maji baridi. Mchana wa siku ya kukusanya, dada alitoka kwenda kununua mkate. Mama alikuwa kazini, kwenye chumba cha kufulia mashuka cha hoteli. Baba alikuwa chini ya sinki la mtu mahali fulani. Nyumba ilikuwa yangu, nami nikapata wazo.

Wazo lilikuwa hili. Nifunge uzi wa kushonea kwenye mpini wa dumu, niupitishe juu ya bomba la maji, niufunge kwenye kitasa cha mlango. Dada akifungua, dumu linyanyuke lenyewe taratibu, kama mzimu wenye heshima. Niliona uso wake kabisa akilini. Nilicheka peke yangu mpaka nikaenda kunywa maji.

Nilifanya jaribio moja. Dumu lilinyanyuka vizuri sana. Kisha uzi ukakatika, dumu likaanguka ubavu, kifuniko kikaruka, na mkojo wa dada yangu, matone mengi mno, ukaondoka kwa utulivu kupitia tundu la sakafu ambalo Baba mwenyewe alilizibua mwezi uliopita. Nilipolisimamisha, lilikuwa limebaki nusu.

Hapa palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kumwambia. Ya pili ilikuwa mimi, Mtungi.

Nilijaza pengo lile mwenyewe. Nilikunywa maji, nikajaza, nikanywa tena, nikajaza. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Dada aliporudi, kiwango kilikuwa palepale alipokiacha, beseni limefutwa, uzi uko kwenye kopo la Mama, nami niko sebuleni nasoma kitabu cha sayansi, jambo ambalo lingepaswa kumtia wasiwasi.

*

Majibu yalikaa siku kumi. Tuliporudi kwa daktari, alikuwa ametandaza karatasi mbili mezani, anaangalia moja, anaangalia nyingine, kama mtu aliyepewa soksi mbili zisizofanana na kuambiwa ni pea.

"Sielewi," alisema. Nilikuwa sijawahi kumsikia daktari akisema neno hilo, na sikulipenda. "Damu yake inasema ni mzima. Potasiamu iko sawa, chumvi iko sawa. Mkojo unasema homoni moja haivunjwi inavyotakiwa. Lakini hata mkojo wenyewe hausemi moja kwa moja. Mtu mwenye afya huwa hapa." Akagusa chini ya karatasi. "Mgonjwa huwa huku juu. Yeye yuko katikati. Ni kama ana nusu ya ugonjwa. Sijawahi kuona."

"Nusu ya ugonjwa inatibiwa kwa nusu ya dawa?" Baba aliuliza.

"Mzee, ningekuwa najua ningekwambia."

"Na presha?" dada akauliza.

"Leo iko kawaida. Hiyo nayo siielewi." Daktari akavua miwani. "Binti, siwezi kutia sahihi fomu hii. Siwezi kukupeleka kwenye moto na moshi wakati sijui ndani yako kuna nini. Samahani sana."

Nilitazama viatu vyangu. Ilikuwa zamu yangu kusema, na nilijua. Lakini kichwa kilikuwa kimejaa ukungu. Kama nusu ile ni yangu, basi iliharibikaje? Mkojo si mkojo? Labda niliutia ukiwa moto mno. Labda ni sabuni niliyofutia beseni. Nilijipa maelezo saba, na katika yote saba mimi nilikuwa mzima wa afya. Nikafunga mdomo.

Asubuhi iliyofuata sikuokolewa. Saa kumi na mbili na nusu ikapita, saa moja ikapita. Nilitoka nikamkuta dada amekaa jikoni, vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, macho kwenye saa ya ukutani.

"Unafanya nini?"

"Nahesabu mapigo." Hakunitazama. "Ukisikiliza sana, unasikia kama yanaruka."

"Hutanibeba leo?"

"Nikianguka nawe ngazini je? Baba mdogo naye alikuwa anajiona mzima."

Nyumba nzima ilianza kutembea kwa kunyata. Mama aliondoa kichupa cha chumvi mezani, akakirudisha, akakiondoa tena. Baba aligombana naye kwa sauti ya chini kuhusu ugonjwa huu unatoka upande gani wa ukoo. "Kwetu watu wanafika miaka tisini," alisema Mama. "Hata kwetu," alisema Baba, "wasipokufa kwanza." Halafu wote wawili wakaitazama ile picha ukumbini.

Siku ya pili jioni nilimkuta dada chumbani kwake. Alikuwa ameshusha viatu vile vyeusi na kuvifunga kwa karatasi, kimoja kimoja, anavilaza ndani ya boksi.

"Yule binti wa ghorofa ya kwanza anavaa namba ngapi?" aliuliza.

"Sijui."

"Muulize. Kama ni arobaini, mpelekee. Havijatumika." Alikuwa anazungumza vizuri kabisa, ila mikono yake ilikuwa inakunja karatasi ileile mara ya tatu.

Nimesimama mbele ya walimu wakuu nikiwa nimeshikwa na sindano na uzi mkononi, na bado nikakana. Siku hiyo nilisema mwenyewe.

"Dada, usimpe mtu viatu. Nusu ilikuwa yangu."

"Nusu ya nini?"

Nikamweleza. Uzi, bomba, kitasa, mzimu, tundu la sakafu, maji niliyokunywa. Nilipofika mwisho nilifumba macho kungoja kofi. Halikuja. Nilipofumbua, alikuwa ananitazama kama daktari alivyotazama zile karatasi.

"Wangu ulimwagika nusu," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Ukaongeza wa kwako. Wa kwako tu."

"Ndiyo. Nisamehe, dada. Nipige tu."

"Nyamaza kwanza. Damu ni yangu peke yangu, na inasema mimi mzima. Mkojo ni wa watu wawili, na unasema nusu ni ugonjwa." Alisimama. "Dogo. Leo umekunywa maji mara ngapi?"

*

Kesho yake asubuhi tulikuwa mlangoni kwa daktari kabla hajafungua. Safari hii Mama alikuja pia, akiwa bado amevaa aproni ya kazini. Dada alinisukuma mbele. "Jisemee mwenyewe."

"Shikamoo, daktari," nilianza, na baada ya hapo sikuwa na pa kujificha. Nilisema yote. Baba, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anasikia kuhusu uzi, aliinua mkono. Mkono ulifika juu, ukasita, ukaishia kujikuna kichwani. Nadhani alishindwa kuamua anipige au anishike.

Daktari hakunikemea. Alifungua droo, akatoa mkanda wa presha mdogo kuliko ule wa dada.

"Kaa hapa. Mkono juu ya meza. Usiongee."

"Lakini mimi si mgonjwa. Mimi ni..."

"Usiongee."

Mkanda ukabana, ukaachia. Daktari akatazama namba, akaufunga kwenye mkono wa pili. Akangoja dakika tano, nikisikia kiti cha Baba kikilia. Akapima tena.

"Mia moja sitini na nane kwa mia moja na nane," alisema. "Mzee, hii ingekuwa juu hata kwako wewe. Kwa mtoto wa miaka kumi na minne ni hatari." Akanigeukia. "Kiu?"

"Ninayo."

"Msalani?"

"Shuleni wananiita Mtungi."

"Miguu inalegea?"

"Mwalimu wa michezo anasema ni uvivu."

"Alizaliwa mdogo, mama?"

"Mdogo sana," Mama alisema kwa sauti ndogo. "Nilimfunga kwenye taulo la kufutia mikono."

Aliandika kila jibu. Mambo yote niliyokuwa nikiwachekeshea watu bwenini yalishuka kwenye karatasi yake mstari kwa mstari, na hayakuchekesha tena.

Ndipo akageuza karatasi na kuchora figo, iliyofanana na harage, na mlango wenye kufuli.

"Fundi, hii itakuwa rahisi kwako. Kuna homoni ambayo kazi yake ni kuiambia figo, bakiza chumvi. Ni ufunguo wa kufuli hili. Lakini kuna homoni nyingine, kortisoli, ambayo mwili unaihitaji kwa kazi nyingine kabisa, nayo kwa bahati mbaya inaingia kwenye kufuli hilohilo. Kwa hiyo mwili umeweka mlinzi hapa mlangoni. Kortisoli ikifika, mlinzi anaivunja meno isifungue. Mlinzi huyo ni kimeng'enya, na maelekezo ya kumtengeneza yameandikwa kwenye jeni moja."

"Na kwa huyu mlinzi amelala," Baba alisema.

"Nadhani hivyo. Tutathibitisha. Kortisoli inaingia inavyotaka, figo inabakiza chumvi, maji yanaifuata chumvi, presha inapanda. Potasiamu nayo inatupwa nje, ndiyo maana misuli inalegea na kiu haiishi."

"Kwa hiyo ni kama valvu isiyofunga?"

"Ni mlinzi, mzee. Lakini sawa, valvu."

"Inatoka upande gani?" Mama aliuliza haraka. Baba naye aliinama kusikiliza.

"Pande zote mbili. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba, moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu kwa kawaida haoni tabu kubwa. Ili mlinzi alale kabisa, zote mbili lazima ziwe mbovu. Ninyi ni ndugu?"

Walitazamana. "Bibi zetu walizaliwa tumbo moja," Baba alikiri.

"Basi huenda kosa lileile la maandishi limeshuka kwa njia mbili. Si laana wala si hasira."

"Na mdogo wangu, yule wa kwenye picha?" Baba aliuliza.

Daktari aliweka kalamu chini. "Huenda. Hakupimwa, kwa hiyo hatutajua kamwe. Lakini huyu tumemjua akiwa hai. Kuna vidonge, kuna kupunguza chumvi, kuna kupimwa maisha yote. Akifuata, hatari inashuka sana."

Baba alishusha pumzi ndefu. Nilikuwa nimechanganyikiwa kabisa. Nilikuwa nimekuja kukiri kosa, nikaondokewa na kosa, nikapewa ugonjwa, na kila mtu alionekana ana nafuu isipokuwa mimi. Katika kutafuta pa kushika nikasema jambo la kipumbavu kuliko yote ya likizo ile.

"Kwa hiyo, daktari, utundu wangu umeniokoa."

Daktari alilisogeza faili la dada mbele yangu na kuweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa, ulioandikwa tarehe ya siku ile ya kwanza.

"Soma."

Nikasoma: *Wadogo zake wote wapimwe presha mara majibu ya dada yakitoka.*

"Nilikuwa nakuja kwako kwa njia ya kawaida," alisema. "Majibu yalipotoka hayaeleweki, nilisimamisha kila kitu ili nimwelewe kwanza dada yako. Wewe ukatembea siku nyingine tatu na presha hiyo kichwani. Dada yako akahesabu mapigo ya moyo usio na ugonjwa na akataka kugawa viatu vyake. Ungesema ukweli siku dumu lilipoanguka, tungepoteza siku moja tu, ya kujaza dumu jipya. Uongo wako ulinionyesha mgonjwa asiyekuwepo na kunifichia aliyekuwepo. Kwamba tumekupata, hiyo ni bahati. Usiipe jina la akili. Daktari hana macho ya kuona ndani yako, mwanangu. Ana yale mnayomletea tu. Mkiniletea uongo, nitatibu uongo."

Nililirudisha faili upande wake wa meza, polepole.

*

Dada alipewa dumu jipya. Safari hii alilifungia ndani ya sanduku la vifaa la Baba, lenye kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni. Nilijitolea kulilinda. Wote watatu walisema hapana kwa pamoja.

Daktari aliwaomba watu wa maabara wafanye haraka. Majibu yalitoka Alhamisi, chini kabisa ya karatasi, mahali pa watu wenye afya. Ijumaa ya mwisho wa mwezi dada aliipeleka fomu mwenyewe, kwa miguu, amevaa viatu vile.

Damu ya kupima jeni ilisafirishwa mbali, na majibu yake yalinikuta nimesharudi shuleni: mimi nakala mbili mbovu, dada moja, Baba moja, Mama moja. Mama alinisomea kwa simu, kisha akanikumbusha vidonge mara nne. Daktari alikuwa ameandika barua kwa mwalimu mkuu kwamba chakula changu kiwe na chumvi kidogo na niruhusiwe kwenda msalani bila kuomba. Mwalimu wa hesabu aliisoma, akaisoma tena, akasema, "Samahani, kijana." Nikamwambia ukweli, kwamba nusu ya safari zile kweli nilikuwa nakimbia sehemu. Akanipa maswali ishirini. Nikayafanya. Kusema kweli, wiki zile nilikuwa nakwenda msalani mara chache mno kiasi kwamba sikuwa na kisingizio.

Muhula ulipofika katikati nilirudi nyumbani kwa siku tatu. Dada naye alikuwa na ruhusa ya chuo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mlango ukafunguka bila hodi, nikanyakuliwa, nikatupwa begani. Tulishuka vizuri. Penye masanduku ya barua alipumua, akageuka, akaanza kupanda.

"Majeruhi wangapi leo?" aliuliza mzee wa ghorofa ya pili.

"Mmoja, mzee, shikamoo," dada alijibu akihema. "Ila wamembadilisha."

Ghorofa ya tatu alinishusha, akajishika kiuno, akanitazama kuanzia miguu mpaka utosini.

"Umeongezeka."

"Kilo mbili na robo," nilisema. "Muuguzi wa shule kapima. Mara mbili."

"Na presha?"

Nikamwambia namba zote mbili, za kweli.

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kupanda bila mimi. "Basi hiyo ghorofa iliyobaki," alisema, "panda na miguu yako."

Nikapanda.